Aliyempa Zimwi Mama

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, familia imemtuma mdogo wake wa tumbo moja asimame mbele yenu asome maisha ya huyu aliyelala hapa, na imemwonya asome yaliyoandikwa tu, asitie chumvi wala asiharakishe, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda hadithi iharakishwe, na hilo, kama mtakavyosikia, ndilo lililotuchosha sisi sote tuliompenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1958, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya karakana ya mabasi, akiwa mtoto wa tatu wa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Mama alipowasimulia wanawe habari za zimwi ili walale mapema, wenzake walijifunika gubigubi, lakini yeye alikaa kitako akauliza, "Mama, na huyo zimwi, mama yake yuko wapi?", naye mama, ambaye mikono ilikuwa inamwasha kwa sabuni tangu alfajiri, alimjibu, "Alikufa kwa maswali. Lala."

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1976, na walimu wake walikubaliana kwamba ana akili nyingi ila hana mwendo, kwani mitihani kadhaa aliiacha njiani kwa sababu swali la kwanza lilimpendeza mno. Mwaka uliofuata alianza kazi ya kuchora vibao vya maduka, na mpaka leo wako watu wanaokumbuka kibao cha muuza nyama mmoja aliyetaka achorewe ng'ombe tu, ng'ombe wa kawaida, akasubiri wiki nyingi, kisha akaletewa ng'ombe anayemtazama mteja machoni kwa namna ambayo wateja waliinamisha vichwa wakahamia bucha ya jirani.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja kuagiza kibao cha duka lake, akakifuata mara nyingi kiasi kwamba wakazoeana, na mke mwenyewe husema hakuposwa, alicheleweshwa. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao wote wapo hapa, na wote wanajua maana ya kula chakula kilichopoa kwa kuwa baba amesema anakuja sasa hivi.

Wakati huo alikwisha kuajiriwa na jarida la hadithi za picha, kazi yake ikiwa kuandika maneno ndani ya vile viputo vyeupe vinavyotoka midomoni mwa wahusika, na huenda angestaafu kwa amani katika kazi hiyo, kama mwaka 1991 mchoraji wa Mzee Meno asingeacha kazi akaenda kuuza rangi za nyumba. Wenye umri mnamkumbuka Mzee Meno wa zamani, lile zimwi la ukurasa wa mwisho, ambalo kila toleo lilifanya jambo lile lile, linabisha hodi, mtu anafungua, meno, ukelele, mwisho, na watoto wakanunua, na jarida likaenda. Marehemu alipopewa kazi hiyo hakugusa kalamu, bali alikwenda kwa mhariri kumuuliza zimwi hili lina njaa ya nini, na mhariri, ambaye yuko hapa na ameturuhusu kuyasema haya, alimjibu, "Ndugu yangu, zimwi halina kwa nini. Zimwi linakula. Lilishe mtu mmoja, nenda nyumbani." Marehemu alisema atachora meno akishaijua njaa, na jarida likatoka likiwa na tangazo la magodoro mahali pa zimwi.

Alivyoitafuta njaa hiyo, aliyeumia ni mke wake. Alasiri moja alimtoa nje, akafunga mlango, akamwambia abishe hodi kama mtu anayejua hatafunguliwa, mke akabisha, naye kutoka ndani akasema, "Hapana, hapo unajua nitakufungua," akabisha tena, akaambiwa hapo amekasirika, Mzee Meno hana hasira, akabisha tena huku manyunyu yameanza na suruali ya mteja inamsubiri kwenye mashine, mpaka mwishowe akabisha kwa namna ambayo fundi viatu wa mlango wa pili alitoka kuuliza ni nani amefiwa. Mke alipofunguliwa alimkuta mumewe anachora, na hakuambiwa hata pole.

Ndivyo alivyozaliwa Mzee Meno mpya, yule aliyekuja duniani akiwa na meno tayari, ambaye mama yake alimficha stoo ili watu wasimwue, kisha siku moja mama akatoka kwenda kazini na hakurudi, na tangu hapo mwana anabisha mlango kwa mlango akimuulizia, ila kila anayefungua anapiga ukelele kabla hajaulizwa kitu, na ukelele huo ndio unaomgeuza. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, marehemu akaongeza kwamba sisi nasi tungelijua zimwi, huenda lisingetula kabisa. Mama yetu, aliyekuwa hai bado, alipoonyeshwa picha ya mama wa zimwi akiwa ameinama juu ya beseni la mashuka, aliitazama, akasema, "Mikono hiyo ni yangu. Umenifanya mzazi wa zimwi?", naye mwanawe akamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyesema alikufa, mimi sikuamini."

Wasomaji walilalamika kwanza, wakidai meno yao, lakini taratibu jarida likaanza kunyang'anywa kwenye vibanda, na watu wazima waliokuwa wakiwanunulia watoto wakawa wanalisoma wao kwanza njiani. Kisha yakaja matatizo ambayo mhariri hakuyatarajia, maana watoto waliokuwa wakimwogopa Mzee Meno sasa walimwonea huruma, wakawa wanaondoa komeo wazazi wakishalala, ili akija asikute pamefungwa. Jirani yetu mkunga mstaafu, ambaye mjukuu wake alikuwa ameondoa komeo, alikuja hapa asubuhi moja amejifunga kanga kiunoni, akasema, "Baba, pasi yangu imeondoka na zimwi wako," na marehemu, badala ya kuomba radhi kama watu wengine, alimuuliza kama huyo mwizi alibisha hodi, ikabidi mke atoke na kiti, maji na maneno mazuri, kama alivyotoka nayo mara nyingi.

Kwa miaka mingi mke wake alimwomba jambo moja tu, kwamba hadithi hii aifikishe mwisho, kwa sababu aliona wazi kuwa inammaliza mwenyewe. "Ampate mama yake, basi," alikuwa akimwambia. "Ampate, wakumbatiane, na wewe uje ulale." Marehemu aliahidi, na tunaamini aliahidi kwa dhati, lakini kila alipoukaribia mwisho aligundua jambo ambalo bado hajalijua kuhusu zimwi lake, akarudi nyuma.

Mwaka 2019 aliambiwa figo zake zimechoka, na kuanzia Oktoba mwaka jana alilazwa mara kwa mara, na ni huko wodini, ubao wa kuchorea ukiwa juu ya mto, ndipo alipoamua kutimiza ahadi. Alichora Mzee Meno amefika kwenye mlango wa mwisho, akabisha, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kubisha, hapakuwa na ukelele, ila sauti ya bibi kizee kutoka ndani ikiuliza, "Nani?" Hapo ndipo marehemu alipokwama, kwani huyu mwana hakuwahi kupewa jina, Mzee Meno aliitwa na waliomkimbia, sasa mama mzazi anamuuliza ni nani, ajibu nini? Alimuuliza daktari akiwa anampima, alimuuliza muuguzi, alimuuliza mfagiaji wa wodi, alituuliza sisi kila tulipompelekea uji, na kila jibu alilisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Alifariki dunia tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, na kiputo cha jibu kikiwa kitupu.

Tangu msiba utangazwe, hatukupumzika, maana toleo linatakiwa mtamboni, na mhariri alikuja na majonzi ya kweli lakini pia na shauri, kwamba Mzee Meno aseme "Mimi," mlango ufunguke, meno yarudi, jarida lianze upya kama zamani. Mjomba akasema hapana, aseme, "Mimi mwanao," binti mkubwa akataka aseme, "Nimerudi," shemeji akaleta la kwake, sauti zikapanda hata wageni wakaacha kula, na wengi wetu tulimtazama mjane tukijua kwamba yeye ndiye aliyeutamani mwisho huu kuliko mtu yeyote, na lolote atakalochagua tutalikubali. Yeye aliuchukua ule ukurasa, akautazama, akasema, "Mwenyewe alikaa na swali hili miezi akashindwa, nyinyi mtaliweza hapa, na vikombe vya chai mkononi? Kiputo kitoke hivyo hivyo, kitupu, na baada ya hapo asichore mtu." Mhariri akamwambia, "Shemeji, wasomaji watatukasirikia," naye akamjibu, "Na wakasirike. Mimi nilikasirika peke yangu muda mrefu."

Basi ndivyo itakavyokuwa, na mhariri ametupa neno lake asubuhi hii, tunamshukuru kwa hilo na kwa subira yake yote. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia wakakubali na kuulizwa maswali, majirani waliotoa viti, maji na usiku wao, na wafanyakazi wenzake wa jaridani, hasa mafundi wa mtambo, waliongoja kurasa zake miaka yote hiyo bila kumtukana mbele ya watoto wake.

Kaka, mkeo amesema tukufikishie kwamba bado amekukasirikia, na kwamba hana haraka ya kuacha. Sisi wengine tunakuaga hapa. Upumzike kwa amani.