Kikapu ama Mashine

Kunywa kahawa katika nchi ya majani chai ni sawa na mtu kulala kwa jirani ilhali kwake kuna kitanda, lakini kijiwe cha Kiptere hakina aibu. Benchi lenyewe ni mbao zilizopigiliwa mbele ya duka la mbolea, na kahawa huletwa na Ayoo, mama kutoka upande wa ziwa, ambaye asubuhi huchuma majani shambani kwa Mzee Johana na mchana huzunguka na birika. Siku hiyo benchi lilikuwa limewaka moto. Saa nane wakulima wa kituo cha kupimia majani wangepiga kura ya mlolongo: anayetaka mashine ya kuchuma asimame nyuma ya mashine, anayeikataa asimame nyuma ya kikapu. Johana alikuwa hajaamua, na hilo lilikuwa tatizo la watu wengi, kwa sababu akisimama mahali, ukoo wake wote husimama mgongoni pake. Alimtazama Ayoo akimimina kahawa. Mashine ikishinda, huyu mama atachuma nini?

— Mimi nilisimama nyuma ya mashine tangu nizaliwe, alisema Obonyo, fundi wa simu ambaye kijiwe kilimbatiza Satelaiti. Na hii ni mwanzo tu, wazee. Leo inashikwa na mkono. Kesho inajiendesha. Kesho kutwa majani inajichuma yenyewe, inajipima, inapanda lori.

— Na wewe utakuwa unafanya nini? aliuliza Kipkirui. Huyu ndiye Mheshimiwa. Aligombea wadi mara mbili, akaangushwa mara mbili, na koti la kampeni hajalivua mpaka leo.

— Nitakuwa nimekaa.

— Na saa hii unafanya nini?

Benchi likacheka. Satelaiti hakutikisika.

— Cheka tu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni huinama. Sasa mtaka cha mbinguni? Si lazima aruke? Watu wataishi mwezini, Mheshimiwa. Na mtu akiishi mahali lazima anywe chai. Udongo ya huko nani amepima? Pengine ni nyekundu kama ya hapa.

— Mvua itatoka wapi?

— Tutapeleka.

Johana alijikuta anatabasamu. Alimpenda Satelaiti kwa hilo: ukimsikiliza unaona hata kifo ni kitu cha kubadilishiwa kioo na kurudishiwa mwenyewe kabla ya jioni.

— Siasa ni mimi naijua, alisema Mheshimiwa akivuta koti. Mashine haipigi kura. Hiyo ndio siri yote. Mchumaji ako na njaa, ako na kelele, ako na kura. Lazima umwendee na sukari. Ukiweka mashine, kelele imeisha. Serikali zote za dunia zinapenda teknolojia juu ya hiyo.

— Sasa si hata wewe ungeokoa sukari? alisema Satelaiti.

— Ngoja nimalize. Baadaye mashine itapewa kitambulisho. Itajiandikisha. Itapiga kura, na itapigia mashine ingine. Wajukuu wetu wataongozwa na gavana wa petroli.

— Huyo angalau tutajua petroli inaenda wapi.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Obonyo. Mashine haina guu. Itavunjika nini? Ndio maana ni hatari.

Kila mmoja aliitafuta maana ya methali hiyo akaikosa.

— Mzee, wewe ndio unatuchelewesha, Satelaiti alimgeukia Johana. Fikiria watu wa miaka mia ijayo.

— Hao watu mimi nawajua, alisema Johana.

— Unawajua aje?

— Kwetu waliotahiriwa pamoja ni rika moja, na majina ya rika huzunguka. Baba yangu alikuwa Chumo. Wakaja Sawe, tukaja sisi Korongoro, wengine wakafuata. Majina ikimaliza kuzunguka, Chumo watarudi. Wengi hawajazaliwa bado, lakini jina iko, inawangoja. Nyinyi mnaongea juu yao kama watu wa sinema. Kwangu hao ni wageni wako njiani. Wakifika waulize Johana alisimama wapi, watajibiwa nini?

Sauti ilikuwa imempanda bila yeye kujua. Hakujua kama alikuwa na maneno hayo, na aliona raha kama kijana.

— Wape mashine, wakae, Satelaiti alisema akisimama.

— Wape kazi, waheshimiwe, alisema Mheshimiwa, naye akasimama.

Hapo sasa Chumo wakagombaniwa kama kura za wadi. Satelaiti akawapa maisha ya miaka mia tatu na meno yanayoota upya. Mheshimiwa akawafungia kwenye jela inayolindwa na kompyuta, kisha akaahidi kuwatoa akichaguliwa. Kahawa ilimwagika na hakuna aliyejali.

— Ayoo, wewe unaonaje? aliuliza Johana.

— Mimi sina laini ya kura, mzee. Laini ni ya wenye shamba.

Alisema hivyo akifuta kikombe, bila uchungu, na Johana akaona aibu kwamba ndio kwanza ameuliza.

Mara pikipiki ikasimama. Aliyeshuka alikuwa Zack wa kiwanda cha chai, mtu mzima mwenye ovaroli mpya, na nyuma yake palikuwa pamefungwa kitu kirefu ndani ya gunia.

— Chamgei, wazee. Nimetumwa niwaletee mashine.

Benchi lote lilimvamia. Gunia likafunguliwa, meno yakameta juani, na pande zote mbili kulikuwa na mishikio. Hata Mheshimiwa aliigusa.

— Nimeambiwa mkiikubali niiache, alisema Zack. Nauliza tu: nikiiacha, itakuwa ya nani?

Satelaiti, aliyekuwa amepanda chai mwezini, alitazama viatu vyake.

— Ni ya maendeleo, alisema.

— Ya mwananchi, alisema Mheshimiwa.

— Mwananchi gani? Ako na jina? Nataka kumwonyesha vile inawashwa.

Walikuwa wamegawa karne nzima na hilo hawakuliuliza. Johana aliiona mashine imefungiwa ghalani kwake, ufunguo mfukoni mwake, na Ayoo amebaki na birika. Kisha akaiona mahali pengine. Aliogopa, maana ukoo ungesema amerukwa na akili, lakini furaha ilimzidi nguvu.

— Mwonyeshe Ayoo. Iwe yake na ya Mongina mchumaji mwenzake na wale wote wanachuma. Ikate kwangu, ikate kwa Kipkirui, na sisi tuwalipe kwa kilo vile tumekuwa tukilipa.

— Mzee, hiyo laini haiko, alisema Mheshimiwa. Kuna ya kikapu na ya mashine.

— Basi mimi nasimama nyuma ya Ayoo. Wenye kuniuliza waniulizie hapo.

Ayoo alitua birika chini.

— Umesema mbele ya watu, mzee.

— Nimesema.

Alikaza leso kiunoni, akashika mshikio, akaupima uzito wake. Hakusema asante. Alimwambia Johana ashike upande ule mwingine waende, watu washaanza kujipanga.