Fundi Karunasena, Aliyekaza Nati Akiipa Kusini Mgongo

Jioni ya tarehe 30 Aprili, Fundi Karunasena Hapugoda atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika Karakana ya Wijekoon, Kandy, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Tajiri Wijekoon ameagiza wasifu huu uwe mfupi na usitiwe chumvi. Chumvi yoyote itakayoonekana ni ya Fundi Karu mwenyewe, na waliokuwapo katika kisa hiki wamesomewa kila aya kabla haijapigwa chapa.

Alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, wakati Austin, Hillman na Morris yalikuwa bado magari ya kawaida barabarani. Yalipozeeka, mafundi wengi walihamia kwenye magari ya Kijapani. Yeye alibaki na wazee wake, tena akajichagulia sehemu ambayo wenzake huikwepa: ekseli ya nyuma. Huko chini kuna giza na grisi, na kila kitu hulia kwa sauti inayofanana. Fundi Karu husema hazifanani hata kidogo, na husema hivyo kwa sauti kubwa, kwa kuwa unyenyekevu si kipaji alichojaliwa.

Hagusi spana kabla hajapanda gari. Hukaa kiti cha nyuma amefumba macho kama waziri aliyechoka, na dereva hupewa amri: kanyaga mafuta, achia, kata kona, rudi nyuma. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli, ikiisha huimba barabarani, na wimbo wake hubadilika mguu ukitoka kwenye mafuta. Beringi ya gurudumu hunung'unika kwenye kona. Lakini kinachogonga mara moja tu, gari linapoondoka, hakijafa, kimelegea.

Kwa utaratibu huo liliokoka gari la Mwalimu Indrani Pallegama, miaka mitatu iliyopita.

Mwalimu Indrani ni mstaafu wa kufundisha hesabu, na Morris lake la kijivu ndilo linalompeleka hekaluni, sokoni na kwa wajukuu zake huko Matale. Lilianza kugonga nyuma. Karakana moja ya mjini ikamwambia mwanawe, Nalaka, kwamba difu imekufa na nyingine haipatikani kisiwa kizima. Nalaka aliogopa mama yake asije akachomokewa na gurudumu mlimani. Akatafuta mnunuzi wa kulivunja gari kwa vipuri, wakaagana kukutana siku ya Mwaka Mpya wetu, katikati ya Aprili.

Mwalimu alifika kwetu katika zile saa za kati, mwaka wa zamani umekwisha na mpya haujaingia, ambapo kwa desturi yetu jiko haliwashwi na hakuna anayeshika kazi. Fundi Karu alikuwa amekaa langoni, akiuwaza wali wa maziwa ambao haujapikwa.

"Mdogo wangu, wananiondolea gari langu," alisema Mwalimu.

"Spana siwezi kushika leo, Mwalimu. Ila masikio hayajakatazwa."

"Karu! Hiyo ni kazi!" alipaza sauti Tajiri Wijekoon kutoka dirishani.

"Ni matembezi tu, tajiri!"

Walizunguka mpaka mtoni na kurudi. Njiani gari lilikuwa kimya, wala halikunung'unika kwenye kona. Liligonga lilipoondoka, na lilipoanza kurudi nyuma. Fundi akashuka akitabasamu.

"Difu yako ni nzima kuliko mimi. Vile vyuma vinavyofunga ekseli kwenye springi vimelegea upande mmoja. Mwambie Nalaka aje na mnunuzi wake, waone."

Mwaka ulipoingia, Nalaka na mnunuzi walikuwa wamefika. Almanaki ya wanajimu ilitaka kila mtu aanze kazi akielekea kusini. Desturi ya karakana yetu ni kukaza nati moja kwenye chuma chakavu, kisha tunakula. Safari hii nati ya kwanza ingekuwa ya kweli. Morris lilikuwa limebanwa kati ya kuta mbili, pua ikitazama mashariki, kwa hiyo aliyetaka kulikaza huku akielekea kusini ilimbidi achuchumae upande wa kushoto.

Hapo ndipo Fundi alipokosea, na mwenyewe ameruhusu iandikwe.

"Ni kushoto!" alitangaza, na wote tukafurahi kwamba nyota na ekseli zimekubaliana. Nati ilisogea kidogo sana. Hakujali.

Mwalimu akawasha, akaachia klachi. Ko!

"Fundi, nashukuru umejitahidi," alisema Nalaka kwa upole. "Mama, shuka."

Mwalimu hakushuka. Aliukamata usukani kwa mikono miwili na kutazama ukuta.

Fundi Karu aliitazama ile nati iliyosogea kidogo tu. Kisha akacheka. "Mpumbavu mimi! Nimesikiliza kwa masikio, nikaamua kwa almanaki!" Akazunguka upande wa kulia, akachuchumaa akiwa ameipa kusini mgongo.

"Karu, utatuharibia mwaka mzima!"

"Basi fumba macho, tajiri, usione!"

Nati za kulia zilizunguka kwa vidole vitupu. Alizikaza kwa spana hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwalimu akaenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Kimya. Nalaka akaomba arudie, akainama na sikio karibu na gurudumu. Halafu akamgeukia mnunuzi, akamkaribisha kavumu, vile vitamu vya kukaanga vya Mwaka Mpya, na chai kabla ya safari ya kurudi kwake.

Mwaka ule haukuharibika. Tajiri Wijekoon amekubali hilo liandikwe. Tangu siku hiyo kila ekseli inayoingia hapa hukaguliwa kushoto na kulia, hata fundi akiwa na hakika. Amri hiyo aliitoa Fundi Karu, na huirudia kwa majivuno yaleyale anayoyatumia kwa ushindi wake.

Fundi Karu, asante kwa kutufundisha kusikiliza, na kwa kucheka mbele yetu ulipokosea. Tunakutakia wewe na familia yako afya, usingizi mrefu wa asubuhi na kavumu zisizoisha. Jioni hiyo Mwalimu Indrani mwenyewe atakurudisha nyumbani kwa Morris, na kiti cha nyuma ni chako. Fumba macho usikilize ukitaka. Nati tumezikagua, kushoto na kulia.