Diski Mbili, Foleni Moja

Mgeni rasmi, mkuu wa kitengo, na wenzetu wa kazi,

Makaribisho

Karibu katika chumba chetu cha kutunzia picha za mionzi. Harufu ya rangi isikusumbue: ukuta umepakwa jana, upande huu utakaouona tu.

Historia

Zamani tulikuwa na diski moja. Ilipokufa, ilizikwa na picha za wagonjwa za miaka miwili. Ndipo zikaletwa hizi mbili, na fundi wetu, Mama Waya, akazifunga ziwe pacha: kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine. Moja ikifa, iliyobaki ina kila kitu.

Mafanikio

Tangu hapo hakuna picha iliyopotea. Mkuu ameongeza fanikio lake, kalibandika mlangoni: "Diski mbili, kasi mara mbili." Tunampongeza kwa ukubwa wa herufi.

Changamoto

Mkuu asihangaike kuutafuta ukurasa huu kwenye nakala yake. Aliyoipitisha ni nyingine.

Mgeni rasmi, mtu mmoja akifungua picha moja, diski ya pili haimwongezei kitu. Faida huja tukifungua wengi kwa pamoja, pacha wakagawana foleni. Sisi ni makarani kumi na mmoja. Lakini mkuu aliagiza usomaji wote upite diski ya kwanza, ya pili ipumzike isichakae, kama sahani za wageni kabatini. Mama Waya alimweleza kwamba haipumziki hata kidogo, maana kila picha mpya huandikwa humo pia. Alichozuia ni msaada wake tu. Mkuu akamjibu kwamba yeye ana shahada.

"Basi njoo ukae kaunta siku moja, mwanangu," Mama Waya akasema.

Hakuja. Jumanne ya wiki hii daktari wa mifupa alisimama robo saa na glavu mikononi, mzee aliyevunjika nyonga akiugulia kitandani, picha haifunguki. Jumatano Mama Waya akapewa barua: kuanzia Jumatatu ahamie stoo, akagawe mifagio.

Leo utaonyeshwa picha moja ikifunguka kufumba na kufumbua. Itafunguka kweli. Sisi wote tumeamriwa tusiguse kompyuta.

Maombi

Ombi letu ni moja. Kabla hujakata utepe, tuamuru sote kumi na mmoja tufungue picha kwa pamoja, nawe ushike saa. Kisha aitwe Mama Waya aliondoe agizo lile, kazi isiyomaliza kikombe cha chai, na turudie. Usipoona tofauti, barua yake ianze leo, na sisi tuandikiwe zetu.

Hakualikwa. Yuko uani, amekalia boksi tupu, anangoja kuitwa.

Mungu akujalie afya, na subira ya dakika tano.

Ni sisi,
Makarani wa Picha za Mionzi, kaunta zote kumi na moja.