Nilimshinda Mzee kwa Sauti Yake

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Ndugu zangu wa kikundi, mnanifahamu: mimi ni yule ambaye nikionekana sokoni watu huuliza kwetu kuna msiba gani. Napenda nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwa mama hapa Bariadi, na tangu hapo safari yangu ndefu imekuwa ya kutoka kitandani hadi jikoni. Leo nimetoka, tena kwa miguu yangu, kwa hiyo mjue jambo ni zito.

Wa umri wangu mnakumbuka biashara ilipofunguliwa. Duka lililokuwa na kibiriti na sabuni tu, ghafla likajaa redio za kaseti. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, vijana wakapata hela ya disko. Mjomba wangu wa Mwanza akaniletea deki mbili za kaseti, mikseri, na kanda za house, ule muziki wa mashine unaopiga du! du! du! kama mtu anayetwanga bila kuchoka. Nikajifungia chumbani nikajifunza: kukata hapa, kurudia pale, kuunganisha wimbo huu na ule mpaka kitoke kitu kipya. Wenyewe tuliita rimiksi. Mama aliita makelele.

Sasa, kulikuwa na ningi mmoja, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, mzee wa upande wa Maswa. Jina nalihifadhi. Sauti yake ilikuwa inakukamata shingoni. Nilimrekodi uwanjani, redio nimeinua juu kama mtu anayevuka mto na mzigo wake, wala sikumwomba ruhusa. Nikarudi chumbani nikaweka du! du! chini ya sauti ile. Ndugu zangu, nawaambia, ilikubali! Nilicheza peke yangu mpaka nikagonga kabati.

Mavuno yakaisha, mashindano ya ngoma yakaanza. Mnajua yanavyokwenda: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Miguu ya watu ndiyo inaamua. Siku mzee alipokutanishwa na wapinzani wake, muuza soda mmoja akaniomba nipange spika zangu pembeni, nimvutie wateja. Nikaona hapo ndipo pa kumheshimu mzee. Nikaweka rimiksi yake.

Watu wakageuka. Kwanza watoto, halafu wasichana, halafu hata wazee wenye fimbo. Wakaja mbio. Nikafurahi, nikaongeza sauti. Ndipo nikaangalia wanatoka wapi.

Walikuwa wanatoka kwake. Wapinzani hawakupoteza mtu. Walioipenda sauti yake ndio walioifuata kwenye spika, naye akabaki na wachezaji wake, anaimba, mbele yake vumbi tupu. Akashindwa.

Wafuasi wake wakanizunguka.

"Wewe ni wa upande gani?"

"Sina upande, kaka. Mimi ni DJ."

"Umemfunga mzee kwa sauti yake mwenyewe, halafu huna upande?"

Mama mmoja akapenya mpaka mezani, akaninyooshea kidole. "Mikono iliyofanya hivi haitashika kitu tena."

Nikanyoosha mkono kuzima. Mkono ukatetemeka, nikabonyeza ovyo, mashine ikala mkanda, sauti ya mzee ikavutika kama ya mtu anayezama. Nikafungasha vyombo wote wananitazama. Hakuna aliyenigusa. Afadhali wangenigusa.

Tangu siku hiyo, nikisogelea deki tu, mikono inacheza yenyewe. Nikavifunika vyombo kwa shuka. Kazi za disko wakachukua wengine. Huyu anasema nitafute mganga, yule anasema nihame, kwamba mzee amekusudia kunimaliza. Baiskeli ikisimama njiani hapo nje, mimi najua ni yeye amekuja. Zamani nilikaa ndani kwa kupenda. Sasa nilikaa kwa woga, na nawaambia, ni nyumba mbili tofauti.

Mama hakunihubiria. Alinimwagia pamba sakafuni akasema, "Chambua." Safi huku, fifi, ile chafu, kule. Nanyi akina mama mliokaa hapo mbele, msiangalie chini, mlikuja kumsaidia, mkawa mnamwambia mama kwa kunitania: "Mayu, huyu mwali wako tunamuoza lini?" Nilikasirika, lakini nilikuwa nasubiri mje. Kwenye pamba mikono ilitulia. Kwenye deki, hapana.

Mchana mmoja nikasikia salamu mlangoni: "Mwadila, mayu."

Ile sauti. Ningeachaje kuijua? Nilikuwa nimeikata vipande kwa mikono yangu. Nikapiga mbizi ndani ya rundo la pamba, nikaziba pua nisipige chafya. Mama akamkaribisha. Mzee akatafuta pa kukaa, akaketi kwenye pamba. Yaani kwenye miguu yangu.

"Mwanao yuko wapi?"

Mama hajui kudanganya. "Umemkalia, baba."

Nikatoka na mvi za pamba kichwani, nikapiga magoti. Akanitazama mpaka jasho likanishuka.

"Wanasema siku ile nilishindwa na mimi mwenyewe. Nimekuja kumsikia huyo aliyenishinda."

"Mzee, mikono yangu haiwezi..."

"Sikuja kusikiliza mikono."

Nikaondoa shuka. Kanda nyingine ya rimiksi ile ilikuwepo. Mkono ulitetemeka mpaka kaseti ikawa inagonga deki ko-ko-ko. Nikabonyeza. Akasikiliza, macho chini, fimbo magotini. Hakuwahi kuketi akaisikia sauti yake ikitoka kwenye mashine. Wimbo ukaisha. Mama alikuwa ameshika shavu.

"Anaimba vizuri," mzee akasema. "Lakini mbona hapumui?"

Kweli. Nilikuwa nimekata pumzi zake zote ili aende sawa na mashine.

"Nirudishie pumzi yangu. Na siku nyingine, piga nikishamaliza kucheza."

Nikakusanya ujasiri. "Na ile laana, mzee?"

"Laana gani? Yule mama? Yule ni dada yangu. Hata mimi hunilaani nikichelewa kula."

Tulishinda mezani mpaka jua likashuka, yeye ananionyesha anapovuta hewa, mimi narekebisha. Msimu uliofuata alicheza, akashinda, kisha akaniita mwenyewe kwa mkono, mbele ya watu wote, niweke kanda.

Nawashukuru akina mama wa pamba. Namshukuru mama yangu kwa kutojua kudanganya. Ninachowaachia ni hiki: nilimwogopa msimu mzima mtu ambaye sikuwahi kumwuliza. Mwenye woga wa namna hiyo hapa, aende akaulize.

Mzee tumemzika mwezi uliopita, ndiyo maana nimetoka nyumbani na deki hii. Sasa nabonyeza. Mkiona mkono unatetemeka, msimkimbilie mganga, huwa unatetemeka kidogo. Na msianze kucheza haraka. Kabla ya du! du! mtamsikia kwanza, anavuta pumzi.