Makumbi Hayatoki Msasani

Kijiwe chetu kilikuwa mbele ya duka la Taiyeb, Msasani: ubao mrefu juu ya mawe. Nassibu aliuza kahawa, mie kashata. Asubuhi ile tarishi wa bomani alikuwa amepita akitangaza kwamba pwani yetu itatengenezwa iwe ya wageni kuogelea, kwa hiyo wanawake tufukue makumbi yetu kabla ya Ijumaa. Makumbi ya nazi tunayafukia pale maji yanapojaa na kupwa, yaoze miezi mingi, kisha tunayaponda na kusokota kamba. Yangu yalikuwa bado. Ukiyatoa mabichi hupati hata kuni ya maana, na wanangu wanakula kwa kamba.

Ramani, ambaye zamani aliwashikia wapima ardhi mnyororo, ndiye aliyeanza.

— Mie nawajua hawa. Watajenga vibanda vya kuvulia nguo, kisha mchanga wote wauchekeche.

— Wauchekeche kama unga? — Nassibu akauliza.

— Kama unga. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapo? — nikasema.

— Mama Chausiku, uza kashata.

Mzee Kesho, anayeahidi kila kitu kesho, akasogeza kikombe.

— Nyie hamjasikia. Wanaleta meli nzima ya Wazungu, walale juani mpaka wafanane na sie. Wakishafanana, watadai mashamba ya babu zetu.

— Walale juani kwa hiari? — Nassibu akauliza.

— Na kulipa juu. Jua litawekewa kiingilio. Hata mihogo tutaanika kwa tikiti.

— Pwani yote hii ndefu, kwa nini wachague pale petu? — nikauliza.

— Bwana wa bomani alivua viatu akatembea, — Ramani akasema. — Akasema hajakanyaga mchanga laini kama ule.

— Laini kwa sababu tunaulima. Kila msimu tunafukia, tunafukua. Sie tukiondoka, watakanyaga mawe.

— Basi aambiwe, — Mzee Kesho akasema. — Kesho.

— Mvumilivu hula mbivu, — Ramani akaongeza.

— Mvumilivu huyo ana watoto? — nikauliza.

Rosalia, mke wa Benedikto mchonga vinyago, alikuwa amesimama akingoja kashata. Alikuwa mgeni, ametoka kusini juzijuzi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu.

— Huyo bwana alipokuwa anatembea pale, nani kati yenu alimwambia pwani ina wenyewe?

Nassibu akatikisa birika. Ramani akachungulia kikombe chake.

— Jumbe wetu amekwisha kubali kwa niaba yetu, — Mzee Kesho akasema.

— Nimesikia, baba. Nauliza nyie.

Nikafunika kashata. Uani kwangu kulikuwa na tenga la makumbi mapya, na maji yalikuwa yanakupwa. Rosalia akanifuata, akashika upande mmoja, mie mwingine.

Pwani tulimkuta kijana wa bomani anapigilia vigingi.

— Mama, hapa mnatakiwa kutoa, si kutia.

— Tumesikia tangazo, mwanangu. Sogeza kigingi chako, nataka kuchimba.

Aliweka nyundo chini. Kisha akakisogeza.