Nyuso Mbili za Dada Yangu Jeom-sun

Wafiwa wenzangu, majirani wa sokoni, na ninyi jamaa wa Namhae mliosafiri tangu alfajiri, mkaingia kwanza chumba cha pili, kwenye msiba mwingine, na kuinamia picha ya bibi wa watu, karibuni, sasa hamjakosea, huyu mbele yenu ndiye marehemu Noh Jeom-sun, na mimi ni mdogo wake, Gi-baek, mwalimu mstaafu wa hesabu, niliyepewa kazi ya kusoma maisha yake ilhali tangu juzi kichwa changu mwenyewe hakijatulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Aprili 1954, kisiwani Namhae, mtoto wa kwanza wa wakulima wa vitunguu saumu, na mama alikuwa akitusimulia kwamba mkunga alimgeuza huku na huku, akauliza, "Huyu mbona kama amekesha?", maana alikuja duniani na vifuko chini ya macho na pembe za mdomo zimeinama, sura ya baba yetu kabisa. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na walimu walikuwa wakimrudisha nyumbani akalale, naye hana hata chembe ya usingizi, mtoto mchangamfu kutushinda sisi wote.

Mwaka 1971 alihamia Busan kushona viatu kiwandani, ambako msimamizi alimfokea kila asubuhi kwamba usiku alikuwa akizurura, na tarehe 14 Oktoba 1979 alifunga ndoa na dereva wa lori, Bwana Gwak Sang-cheol, shemeji yangu aliyeketi pale, na katika picha zote za harusi shemeji anacheka, dada anaonekana kama mtu anayetoka makaburini, ingawa aliniapia kwamba siku ile alifurahi mpaka akasahau kula. Walijaliwa binti, Mi-ran, mwaka 1981, na mwana, Jae-uk, mwaka 1985, na kuanzia mwaka 1988 marehemu aliuza vitoweo sokoni, figili zilizochachushwa na dagaa wa kukaanga, huku wateja wakimwambia pole kabla hata ya salamu.

Mwaka 2019 Jae-uk alipata mchumba, na kama mjuavyo, mama wa bwana harusi hukaa mbele kabisa na vazi lake la buluu, watu wakamtazama kuliko wanavyowatazama maharusi, basi Mi-ran akamwambia, "Mama, ukikaa pale na uso huo, wakwe watasema humtaki binti yao," akaahidi kumpa zawadi ambayo siku hizi watoto wengi wa kwetu huwapa wazazi. "Nikatwekatwe uso uzeeni?" dada akauliza. "Hukatwi, mama, ni vitundu tu, jioni uko nyumbani." Tarehe 6 Machi 2019, katika kliniki moja mtaa wa Seomyeon, walimtoa mafuta ya chini ya macho kupitia ndani ya kope, wakapitisha nyuzi chini ya ngozi kuyavuta mashavu juu, akarudi siku hiyohiyo na kofia na barakoa, akashinda akinywa maji ya boga ili uvimbe ushuke, na uliposhuka, shemeji akarudi safari akamwamkia kwa heshima zote akidhani ni mgeni.

Sokoni walimtania, "Mama Jae-uk, umelala wapi na sisi tukalale huko?", naye alicheka, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana umecheka. Vuli ile alikwenda peke yake studio kupiga picha ya msiba wake, kama wafanyavyo wazee wa hapa, akaiweka mezani tukiwa tunakula, akasema, "Hii ndiyo ya kuwekwa siku yangu, zile za zamani msiniletee."

Mwishoni mwa mwaka 2023 alianza kusema amechoka. "Umechoka wapi wewe, uso unang'aa hivyo, usituringie," wakamjibu sokoni, na nyumbani tulimjibu yaleyale, mpaka Februari 2024 hospitali ilipokuta saratani ya kongosho, tumeshachelewa. Shemeji alimuuliza kitandani, "Mama Jae-uk, mbona hukusema?", naye akajibu, "Nilisema. Nilisema kwa mdomo, ninyi mkawa mnanitazama usoni." Alifariki tarehe 9 Mei 2024.

Juzi, picha ilipoletwa hapa, shemeji aliigeuza ikatazama ukutani, akasema, "Huyu simtaki, huyu ndiye aliyenidanganya kwamba mke wangu mzima," kisha akamgeukia Mi-ran, "Na wewe ndiye uliyempeleka." Mi-ran alikaa chini palepale, akaniuliza, "Mjomba, angebaki na uso wake, si tungeona?" Ndugu zangu, mimi nimezoea maswali yenye jibu moja, na hili nimeligeuza siku zote hizi, kwa sababu uso wa zamani ulionekana umechoka tangu mkunga, nani kati yetu angeshtuka, na uso mpya haukuchoka kamwe, nani angeshtuka vilevile, na nikiitazama picha ya zamani namwona dada aliyenibeba mgongoni, nikiitazama hii namwona mwanamke mwenye furaha nisiyemfahamu vizuri, na wote wawili nawalilia. Sijui, na nilimwambia Mi-ran kwamba sijui, ila kosa si lake.

Leo asubuhi shemeji aliuliza, "Alisema hii ndiyo ya msiba wake?" "Alisema, baba, mezani, mbele yetu," Jae-uk akajibu. "Kwa mdomo wake?" "Kwa mdomo wake." Akainuka, akaigeuza picha, akaifunga utepe mweusi kwa mkono wake, ukakaa upande, na hatukuunyoosha, kisha akamwita Mi-ran akae karibu naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani, wenzake wa sokoni waliofunga vibanda ili wawe hapa, na wakwe zetu, na tunawaomba msiondoke bila kunywa supu.

Dada, lala sasa, upumue, na uso ulioutaka ndio Jae-uk atautanguliza mbele ya jeneza, maana ulisema, na safari hii tumekusikia.