Rishal Nehra na Mtaro wa Simlana

Wasikilizaji wapendwa, vuteni vitanda vya kamba juani, funikeni miguu, mnisikilize. Leo tunamkumbuka Rishal Nehra, mpiga picha wa kijiji cha Bhadkhera. Alifariki Jumanne iliyopita, usingizini, baada ya kula mkate wa uwele na siagi nyingi kuliko alivyoruhusiwa na daktari. Mkewe, Bhateri, amenikataza kulificha hilo. "Sema tu," aliniambia. "Nilimzuia, akanijibu siagi ni dawa."

Mimi Omwati, mtangazaji wenu, ni wa Bhadkhera pia. Arusi yangu aliipiga picha Rishal. Kamera yake haikuwa na taa. Wala hakuitaka. Alitupandisha juu ya paa asubuhi, mimi na bwana harusi, tukasubiri jua lichomoze nyuma ya ghala la jirani. Meno yaligongana kwa baridi. Shangazi yangu akamfokea, "We Rishal, unapiga picha maharusi au unaanika nafaka?" Lakini picha ile ipo ukutani kwangu mpaka leo, na humo ndani mimi ni mzuri kweli kweli.

Arusi zilimlisha. Moyo wake, wasikilizaji, ulikuwa kwenye viwanja vya vita vya kale. Alizunguka kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akipiga picha mashamba ambako watu waliuana zama za wafalme. Kwa mwanga wa jua peke yake. Alisema ardhi husema asubuhi na jioni, jua likiwa chini. Mchana hunyamaza.

Basi kikaja kisa cha mnara. Wilaya ilitaka kusimamisha mnara wa kumbukumbu ya vita walivyopigana mababu zetu, na kujenga barabara ya lami ya kuufikia. Lakini vilipiganwa wapi hasa? Sisi Bhadkhera tulisema kwetu. Simlana, kijiji cha ng'ambo ya mfereji, wakasema kwao. Rishal akaombwa apige picha mashamba yote mawili, picha ndiyo iamue. Sasa, Rishal ni mwana wa Bhadkhera. Bhateri ni binti wa Simlana. Mambo hayo!

Mkuu wa kijiji chetu alikuwa Jagmal, baba mkubwa wa Rishal. Akamwita.

"Mwanangu, piga mchana. Jua la utosini halina upendeleo."

"Baba mkubwa, jua la utosini halina kivuli. Bila kivuli huoni kitu."

"Ndiyo maana nakwambia upige mchana."

Mmemwelewa mzee? Mchana mashamba yote yangefanana, na hapo angeshinda mwenye maneno mengi. Mdomo wa Jagmal mnaujua.

Rishal akaenda asubuhi. Ngano ilikuwa ndiyo kwanza inachipua. Shamba la Bhadkhera lilikuwa tambarare, halina kitu. Shamba la Simlana, jua lilipochomoza, likatoa kivuli chembamba, kirefu, kimepinda kutoka kisimani hadi mferejini. Ulikuwa mtaro wa vita, handaki la askari, uliofukiwa na miaka. Kwa miguu unapita juu yake usijue. Sube, kaka yake Bhateri na mwenye shamba, akashika kichwa. "Shemeji, hapa ndipo trekta langu huyumba! Mimi nimemtukana fundi miaka yote!"

Rishal akaipeleka picha wilayani. Kisha akaileta nakala kijijini mwenyewe, akaiweka mbele ya wazee.

Bhadkhera ilichemka. "Wewe ndiye umeolewa!" walimwambia. "Hamia kwa wakweo, ukawakamulie ng'ombe!" Wakamfungia kiko na maji. Hakuna wa kuvuta naye kiko, hakuna wa kumpa maji, hakuna wa kumwalika arusini. Mpiga picha asiyealikwa arusini, wasikilizaji! Aliumia. Bhateri anakumbuka: "Alikaa mlangoni akisalimia watu, watu wakitazama ukuta. Nikamwambia twende kwetu, Simlana watakubeba mabegani. Akasema, 'Nikienda, baba mkubwa atakuwa amesema kweli.'"

Akabaki. Msimu mzima wa arusi alibaki.

Asubuhi moja Jagmal akajitanda shali, akavuka mfereji kwenda kuhakikisha kwamba Rishal ni mwongo. Sube alimwona. Anasema mzee alisimama kwenye ngano mpaka jua likachomoza. Akashuka ndani ya kile kivuli, akatoka, akashuka tena.

Alirudi moja kwa moja kwa Rishal. Akaketi kwenye kitanda chake cha kamba pale mlangoni, watu wote wakitazama, akaomba maji. Akanywa. Kisha akapaza sauti.

"Mtaro uko kwao! Picha ni ya kweli!" Akafuta masharubu. "Lakini nani huchimba mtaro? Si aliyezidiwa? Basi waliozingirwa walikuwa Simlana. Washindi walipiga kambi huku kwetu!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku hiyo hiyo Rishal alivuta kiko na wenzake. Mnara uko Simlana, na barabara yake inapita kwetu.

Jumatano tulimsindikiza. Machela ya mianzi ilipotoka mlangoni, Simlana walikuwa wameshajaa uani. Sube akashika mti wa mbele. "Huyu ni wetu."

Vijana wetu wakamsukuma. "Wenu tangu lini? Ni wetu!"

Jagmal, ambaye macho yamemwishia, akapapasa hadi akaupata mti wa upande wa pili, akaung'ang'ania. Naye Bhateri, machozi yakimtoka, akapiga kelele kutoka mlangoni: "Gombaneni taratibu, msije mkaniangushia mume wangu!"

Wakambeba pamoja.

Bhateri dada yangu, watoto, mzee Jagmal, na wakwe wote wa Simlana, poleni sana. Redio hii inalia nanyi, na inacheka nanyi pia. Nasi tuliobaki, tutafakari. Rishal alitwambia ukweli tusioutaka, halafu hakuhama. Ni nani kati yetu, wasikilizaji wapendwa, atakayegombaniwa na vijiji viwili siku atakapokuwa hawezi tena kumfaa mtu?